Habari Ziwafikie

Baba alikuwa na namna moja tu ya kutunyamazisha. Aliinua kiganja cha mkono wa kushoto, kama trafiki anayesimamisha magari, na nyumba nzima ikatulia mpaka kiganja kishuke. Hiyo ilikuwa saa ya matangazo ya vifo, Redio Tanzania Dar es Salaam. Tulikuwa tunakaa Kilosa, kwenye kota za reli, na redio yetu ilikuwa National ya bendi tatu iliyokaa juu ya kabati la vyombo, imevikwa kitambaa cha kufuma kana kwamba inaona baridi. Betri zake ziliishi mara mbili: mara ya kwanza ndani ya redio, mara ya pili zikianikwa juani kwenye ungo ili zipate nguvu za kumalizia wiki. Nguvu hizo za mwisho hazikuruhusiwa kuliwa na muziki. Zilikuwa za taarifa ya habari na za vifo.

Matangazo yenyewe yalikuwa na sura moja. Fulani wa Korogwe anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi. Mazishi yatakuwa mahali fulani, siku fulani. Kisha linakuja lile fungu ambalo mtangazaji alilisoma polepole, jina kwa jina: habari ziwafikie fulani wa Mwanza, fulani wa kiwanda cha Urafiki, fulani wa Masasi, na ndugu na jamaa wote popote walipo. Tangazo lililipiwa, kwa hiyo hapakuwa na neno la kupamba. Mfiwa alikaa akafikiri: nani hasa lazima ajue? Akawaandika hao, na miji waliyoko.

Siku moja mwaka 1987 mtangazaji alisoma jina la baba, wa Shirika la Reli, Kilosa. Mama yake amefariki, Muheza. Kiganja hakikushuka. Kilibaki hewani mpaka tangazo lililofuata likaisha, na lililofuata tena, kwa sababu hata siku ile hakutaka kuwakatiza wafiwa wengine. Alfajiri alipanda basi la Morogoro, akaunga la Chalinze, akaunga la Segera. Alikuta mama yake ameshazikwa, akawahi hitima ya siku ya tatu. Sikumsikia akilalamika. Habari zilikuwa zimemfikia.

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, shangazi yangu, dada yake baba, alifariki huko huko Muheza. Mimi ninayeishi na simu mbili na laini tatu sikupata habari mpaka ameshalala kaburini.

Nikisema sikupata, nadanganya. Habari zilikuwa mkobani mwangu mchana kutwa.

Alikata roho alfajiri ya Jumamosi. Saa kumi na mbili kasorobo binamu yangu aliandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na baada ya sala ya alasiri wakamzika. Mimi siku hiyo nilishinda Kariakoo na kamati ya harusi ya jirani, tukigombania rangi ya vitenge. Kundi la ukoo nilikuwa nimelizima sauti tangu Ramadhani, na simu iliponiuliza nalizima kwa muda gani nikachagua daima. Jioni, nimebahatika kupata kiti kwenye mwendokasi, nikasema hebu nichungulie. Ujumbe 212. Likanifungukia pale nilipoishia, Jumanne: mtu anauza mchele wa Kyela, ukichukua kilo kumi na tano unaletewa mpaka mlangoni, dua ya kusomwa mara saba kisha uwatumie watu saba, video ya mbuzi anayepanda ngazi. Nikabonyeza kile kimshale cha kushuka chini kabisa, nikatua katikati ya msiba.

Inna lillahi. Poleni sana wafiwa. Mungu awape subira. Mikono imekutanishwa. Ua jeupe. Kibandiko cha mshumaa, kutoka kwa wale wa kwetu walio Wakristo. Mikono tena. Hakuna aliyetaja jina, kwa sababu kila anayetoa pole hudhani anayemsoma ameshajua. Nikaanza kupanda juu kwa kidole gumba, pole baada ya pole, na nikajikuta nawahesabu walio hai. Huyu kaandika, basi yupo. Huyu naye yupo. Mjomba wa Handeni katuma mikono, yupo. Tuliondoka Gerezani nikihesabu, tukapita Jangwani, mpaka Magomeni bado nahesabu. Shangazi wala hakunijia akilini, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuandika. Alikuwa na kiswaswadu cha vitufe, na alikuwa mtu wa kupiga.

Nilipompigia binamu, sauti yake haikuwa na ubaya wowote. Alishangaa tu. "Dada, mbona tuliweka kwenye grupu?"

Nikakosa la kusema. Ni kweli waliweka.

Jibu lile nimelitafuna kwa miezi. Baba alikuwa na redio moja ya nchi nzima, nchi yenye watu zaidi ya milioni ishirini, na betri za kuanika, na jina lake likapenya mpaka juu ya kabati lake la vyombo. Mimi nina chombo ambacho mwaka 2014 kilinunuliwa kwa dola bilioni 19, kinachojua kama nimesoma na saa niliyosoma, na bado msiba wangu ukakaa ndani yake kutwa nzima bila mtu kunigusa bega.

Ni rahisi kulilaumu kundi. Lakini nani aliyelijaza? Corona ilipoingia mwaka 2020, mimi mwenyewe nilifowadi dawa ya tangawizi, malimao na kitunguu saumu kwenye makundi matano kwa mpigo. Yalikuwa matano kwa sababu ndicho kikomo ambacho WhatsApp walikiweka duniani kote Januari 2019; nisingezuiwa ningepeleka ishirini. Aprili ya mwaka ule wa corona wakakaza zaidi: ujumbe uliokwisha kuzungushwa sana ukawa unapelekwa sehemu moja tu kwa safari moja. Hata wenye chombo waliona kuna kinachoharibika pale mtu anapoweza kuwaambia wote bila kumfikiria yeyote. Wazee wanasema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Basi fikiria mgambo yule awe anauzia mchele kwa mbiu ile ile, na dua, na mbuzi wa kwenye ngazi. Siku ya jambo lenyewe nani atatoka ndani?

Jumapili moja baada ya arobaini nikakaa na daftari. Mimi ni mhariri wa vitabu vya shule, nina ugonjwa wa kuchora safu na mistari. Simu za siku hizi zina sehemu ya kukuonyesha muda ulioutumia. Apple na Google waliiingiza mwaka 2018, kama mwenye kiwanda cha bia anayebandika onyo kwenye chupa. Yangu ilisema saa ishirini na sita kwa wiki. Hiyo ni siku nzima pamoja na usiku wake, na chenji inabaki. Nikashtuka kama inavyotakiwa mtu ashtuke. Halafu nikaona mshtuko wenyewe hauna maana. Nikitumia saa mbili kumsikiliza mdogo wangu aliyeko Muscat, akinirekodia sauti moja baada ya nyingine huku anapika, simu inaandika saa mbili. Nikitumia saa mbili kumtazama mtu nisiyemjua akiosha zulia, inaandika saa mbili vile vile. Nikaifuta safu ya saa. Nikachora nyingine na juu yake nikaandika swali la mfiwa wa Korogwe: habari ziwafikie nani?

Hapo ndipo kazi ilipoanza kunoga, na pia kuniumbua.

Facebook nilijiunga 2009, enzi za kuchokozana na kupakia picha za pikiniki. Safu yake nilidhani itajaa: wanafunzi wenzangu wa sekondari, walimu, majirani wa Kilosa. Nikaingia kutazama ni nani anayenipata pale nami nampata. Siku hiyo ilikuwa siku ya kuzaliwa ya mwenzangu mmoja tuliyekaa naye dawati moja. Ukuta wake ulikuwa umejaa: maisha marefu, uzidi kubarikiwa, keki tutakula lini. Mwenzangu huyo alifariki mwaka wa sita sasa. Mtandao unawakumbusha watu tarehe, watu wanatii. Nilitaka kuandika kitu chini yake, nikashindwa kujua namwandikia nani. Sikuifunga akaunti. Kuifunga kulionekana kama kuondoka matangani bila kuaga. Lakini programu nimeitoa kwenye simu.

Instagram ilikuwa rahisi. Niliipenda kwa sababu ya fundi cherehani wangu wa Sinza, ambaye kwa hakika imemlisha: anapiga picha ya gauni, jioni ana wateja watatu. Yeye safu yake imejaa, ana majina na vipimo vya viuno vyao. Mimi nilikuwa naingia kutafuta kitambaa, natoka na hasira ya maneno mawili tu, "bei inbox", kana kwamba bei ni siri ya ndoa. Sasa namtembelea fundi dukani.

X sikupewa nafasi ya kuamua. Mei 2025 ilifungwa hapa nchini, wajuzi wakapita njia za panya za VPN, na mimi, mwoga wa kanuni za VPN na mvivu wa fomu zake, nikabaki nje. Wiki za kwanza nilijihisi kama mtu aliyetolewa barazani wenzake wakiendelea na kahawa. Baadaye nikaona kilichonipungua hasa ni hasira: hasira za watu nisiowajua juu ya watu nisiowajua, nilizokuwa nazinywa asubuhi kabla ya chai. Sijidai kwa hilo. Aliyenyang'anywa hajaacha, na zimekuja siku ambazo ningetoa chochote kujua kinachosemwa, nikawa sina dirisha.

Na zulia, basi. Zulia ni TikTok. Binti yangu wa kidato cha tano alinifungulia akaunti likizo ya Juni ili, kwa maneno yake, nisipitwe. Nilikaa nayo wiki tatu. Video ya mwisho ninayoikumbuka ilikuwa ya zulia lililotolewa matopeni; likapigwa maji, likasuguliwa kwa mashine, maji yakatoka meusi, yakawa kahawia, yakawa kama chai ya maziwa. Niliketi ukingoni mwa kitanda, kanga kiunoni, nikiwa njiani kwenda kuoga. Lilipokwisha likaja la pili. Mazulia yote yalitoka meupe. Mimi nilitoka nilivyo, na maji ya kuoga yameshapoa kwenye ndoo.

Usidhani ni udhaifu wangu peke yangu. Mwaka 2006 fundi mmoja wa Marekani, Aza Raskin, alibuni ule mtindo wa ukurasa usiokwisha. Kabla yake ukurasa ulikuwa na mwisho. Ukifika chini, ukitaka zaidi unabonyeza, na katika kubonyeza huko unapata nafasi ndogo ya kujiuliza kama kweli unataka. Yeye aliiondoa nafasi hiyo, na baadaye akasema hadharani kwamba anajuta. Redio ya baba ilikuwa na chini. Mtangazaji alimaliza majina, kiganja kikashuka, tukarudi kwenye ugali wetu. Hata betri zilipata kulala.

Na kuna hili la nani analipa. Meta, wenye Facebook, Instagram na WhatsApp, mwaka 2024 waliingiza zaidi ya dola bilioni 160, karibu zote za matangazo. Neno ni lile lile, matangazo. Lile la kifo cha bibi lililipiwa na shangazi, kwa pesa ya machungwa, ili limfikie kaka yake. Haya ya sasa yanalipiwa na muuzaji, na kinachofikishwa ni mimi.

Ninapofikiria malipo namkumbuka bodaboda mmoja wa Kampala. Julai 2018 serikali ya Uganda ilianza kutoza kodi ya kuingia mitandao ya kijamii: shilingi 200 za kule kwa siku, kama 120 za kwetu wakati ule. Hujalipa kwa simu, WhatsApp haifunguki, Facebook haifunguki, mpaka ulipe. Rais Museveni alikuwa ameandika barua akilalamikia lugambo, yaani umbea, kwamba watu wanapiga soga na serikali inabaki na gharama. Watu waliandamana, wengine wakahamia VPN. Serikali ilitarajia bilioni 284 mwaka wa kwanza, ikapata chini ya 50, na mwaka 2021 kodi hiyo ikafutwa, ikawekwa nyingine ya asilimia 12 kwenye bando lenyewe. Ilikuwa kodi mbaya. Iliwaumiza wale wale ambao 200 kwao ni chapati.

Novemba ya mwaka ule wa 2018 nilikwenda Kampala kwa semina, na bodaboda aliyenibeba kutoka Wandegeya alikuwa na Kiswahili cha kazi, kifupi, kisicho na mapambo. Nilimuuliza kama analipa hiyo 200. Akasema analipa Ijumaa tu. Nikacheka, nikamuuliza Ijumaa kuna nini. Mke wake alikuwa mfanyakazi wa ndani Oman, na tajiri wake alimpa simu siku ya Ijumaa, mchana. Siku nyingine sita kijana yule hakuingia popote. "Nilipe nione nani?" akaniuliza, akageuza shingo wakati tuko katikati ya magari, nikamwomba atazame mbele.

Sikumwelewa siku ile. Nilimwona ni mtu aliyebanwa na umaskini, na alikuwa amebanwa kweli. Lakini kwenye daftari langu, miaka mingi baadaye, ndiye niliyemwona amekwisha kuimaliza hesabu niliyokuwa naihangaikia. Nikajaribu mchezo wake: kila asubuhi, kwa kila programu, nitoe sarafu ya 200 na kuiweka kwenye kopo la maziwa la zamani. Nilidumu siku tisa. WhatsApp niliilipia kila siku bila kuwaza. TikTok niliilipia siku ya kwanza na ya pili. Siku ya nne nilisimama mbele ya kopo, sarafu mkononi, nikajiona mwehu, nikanunua vitumbua.

Binti yangu hakukubaliana nami, na naona haki kuandika alivyosema, kwa sababu alinishinda. Alikuwa amelala kifudifudi kwenye mkeka, simu mbele yake, akanisikiliza mpaka mwisho na nadharia yangu ya majina. Kisha akaniuliza: "Kwa hiyo yale ya Kenya yalikuwa na majina ya nani?"

Alikuwa anasema Juni 2024. Muswada wa Fedha ulikuwa bungeni Nairobi, kurasa kwa kurasa za lugha ya wanasheria, umebeba pendekezo la kodi ya mkate na ya magari. Vijana wakauchukua, wakaukatakata, wakaueleza kwenye TikTok kwa lugha za makwao, kipengele kwa kipengele, ili bibi wa kijijini asikie kodi ya mkate kwa lugha anayonunulia mkate. Hawakujua watasikilizwa na nani. Tarehe 25 wabunge wakaupitisha, waandamanaji wakaingia bungeni, watu wakauawa kwa risasi. Tarehe 26 Rais Ruto akatangaza hatausaini. Siku chache baadaye alikuwa kwenye mazungumzo ya sauti ya X, akijibu maswali ya vijana. "Hao wangeandika majina," binti akasema, "wangemwandikia nani? Shangazi?"

Nikanyamaza, nikaenda kuangalia maharage jikoni. Nikiwa nakoroga likanijia lile fungu la mwisho la tangazo, ambalo miaka yote nilikuwa nalisikia kama kiitikio tu: na ndugu na jamaa wote popote walipo. Mfiwa hakuishia kwenye majina. Alipomaliza wale anaowajua, aliuacha mlango wazi kwa asiowajua, pengine jamaa aliyepotelea migodini, pengine mtu aliyesaidiwa na marehemu mwaka ambao haumo kwenye kumbukumbu ya mtu yeyote. Popote walipo ilikuwa na kazi yake. Nilirudi sebuleni nikamwambia binti ameshinda, lakini zulia halina jamaa popote. Akasema zulia linampumzisha. Tukaachia hapo.

Usiku ninaoufikiria zaidi, hata hivyo, ni mmoja wa Oktoba 2021, Jumatatu tarehe 4. Kama saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima. Kampuni ilieleza baadaye: amri moja ya kawaida ya matengenezo iliyokosewa ilikata mtandao wake wa ndani, ikazitoa anwani zake kwenye ramani ya intaneti, na mafundi wenyewe wakapata taabu kuingia kwenye majengo yao kwenda kurekebisha. Mimi sikujua hayo. Nilidhani bando limekwisha. Nikanunua jingine. Nikazima simu nikaiwasha. Nikatoka barazani na kukuta majirani watatu nje, kila mmoja ameinua simu juu kama anayetafuta mwezi wa Idi.

Saa tatu usiku ikaita simu ya kawaida. Shangazi.

"Mwanangu, hawa wajukuu wanasema WhatsApp imekufa," akaniambia. "Nikasema ngoja nikupigie, usije ukadhani na mimi nimo."

Tuliongea dakika thelathini na moja. Najua kwa sababu dakika za kifurushi zilikwisha katikati akakata, nikampigia mimi. Aliniambia machungwa mwaka ule yameshuka bei mpaka watu wanayaacha yaanguke. Akaniambia mbuzi wa jirani amekula kanga iliyoanikwa, kanga yenyewe ya marehemu bibi, na akanitajia jina lake la ukingoni. Akaniuliza kama bado naumwa mgongo. Sikumbuki nilimwambia lini kwamba naumwa mgongo. Akaniambia pia jambo ambalo sikulijua: tangazo la 1987 lilipelekwa na yeye mwenyewe, alikwenda mpaka Tanga mjini kulipia, na pesa ikapungua. Karani akamwambia apunguze maneno. Akaondoa sifa za marehemu, akaondoa ugonjwa, akaondoa jina lake mwenyewe la pili. Majina ya kufikiwa hakuyagusa.

Mitandao ilirudi usiku wa manane. Asubuhi ujumbe ukamiminika kama kawaida, na kila mtu akawa na kichekesho chake kuhusu giza la jana. Nilihesabu siku ile, kwa mzaha tu, ni wangapi walionitafuta kwa njia nyingine wakati magrupu yote thelathini na manne yamenyamaza. Walikuwa watatu. Shangazi, mdogo wangu wa Muscat aliyetuma ujumbe mfupi wa gharama, na mkuu wangu wa kazi aliyekuwa anataka sura ya nne.

Wiki iliyopita niliandika orodha. Majina kumi na tisa, kwa kalamu, ukurasa wa nyuma wa daftari lile lile. Mbele ya kila jina, mji na namba ya simu. Juu sikuweka kichwa cha habari, lakini binti alielewa mara moja.

"Hawa ndio wa kupigiwa ukifa?"

"Hata nikiwa hai."

Akapitisha kidole toka juu mpaka chini. "Mimi simo."

"Wewe ndiye mtangazaji."

Akacheka, akasema si bora aniundie grupu la watu kumi na tisa, kazi iishe. Sikumjibu. Akaendelea kusoma, ni mhariri kama mama yake, akasimama kwenye jina la saba: kitinda mimba wa shangazi, yule wa Lushoto.

"Mama, hii ina tarakimu tisa."

Nikahesabu. Tisa kweli. Nilikuwa nimeinakili kutoka kwenye kijikaratasi cha msibani, kilicholowa chai. Kwenye simu zangu zote mbili namba ya kijana yule haikuwepo, hatukuwahi kupigiana. Nikafungua kundi la ukoo, nikabonyeza jina lake, nikateremka kwenye orodha ya wanachama 143 mpaka nikamwona, amevaa kofia, amesimama mbele ya mnazi. Binti akaijaza tarakimu iliyokosekana, kwa kalamu nyekundu.

Nilipotaka kufunga nikaona ujumbe 61 haujasomwa. Wa kwanza ulikuwa wa Jumatano. Nikavuta kiti, nikaanza kusoma kutoka juu.